Khanga za Msindikizaji

Majina ninayo yote. La mwimbaji, la meneja wake, la kijana aliyevuta nyaya, hata la mbuzi aliyekatiza uwanjani siku ile ninalo, maana mwenye mbuzi alikuwa anamwita. Mimi niliishia darasa la nne, lakini jina likishaingia kwangu halitoki. Mjukuu wangu ameniomba niyaache, anasema wenyewe bado wapo na wana simu. Basi nayaacha. Anayejijua atajiona.

Muziki mkubwa siku hizi una utaratibu wake. Kabla ya mwimbaji mwenye picha kwenye mabango, anatangulizwa mwingine ambaye picha yake haipo, au ipo chini pembeni, ndogo kama ya kitambulisho. Huyo wanamwita msindikizaji. Mimi nilizoea kwamba mgeni anasindikizwa akiondoka, siyo akija, ila sikubisha. Kazi ya msindikizaji ni kuwachangamsha watu wasisinzie, lakini asiwachangamshe sana. Hiyo sehemu ya pili haambiwi. Anaachiwa aigundue mwenyewe.

Nilipaswa kuijua tangu usichana wangu. Ilikuja hapa bendi ya dansi, tukavaa, tukajaa ukumbini. Kwanza akapanda mtu mmoja mwembamba kupima kipaza sauti. Akasema moja, mbili, moja, mbili, akakohoa kidogo, kwa sauti nzito iliyotulia. Tukapiga makofi. Akaona haya, akahesabu tena. Bendi ilipoanza kupiga, wengi wetu tulikuwa bado tunachungulia nyuma ya matarumbeta kumtafuta yule wa moja mbili. Mwenzetu mmoja aliolewa naye, na anasema mpaka uzeeni hakuwahi kumsikia akiimba.

Mjukuu wangu ni mtoto wa binti yangu aliyeolewa Kilambo, kule karibu na mto. Nimemlea mimi hapa Rahaleo, Mtwara mjini, tangu alipoacha kunyonya. Anaimba kwenye harusi, na anaimba peku. Anasema viatu vinamziba sauti. Miguu na sauti vinajuana vipi, hilo sijui, lakini niliwahi kumwona akiimba na viatu na kweli alikuwa kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Siku chache kabla ya Idi, tukiwa tumeshafuturu, likaja gari lenye maspika juu, likasimama mbele ya nyumba yetu. Akashuka Meneja. Alikuwa meneja wa mwimbaji mkubwa wa Dar es Salaam, ambaye mimi humu nitamwita Staa, naye atafurahi. Alikuwa amemwona mjukuu wangu kwenye simu ya mtu, anaimba harusini. Nikamkaribisha barazani, nikampa ming'oko ya kuchemsha. Akauliza ni mizizi ya nini. Nikamwambia ya porini. Akaitazama kwa mashaka, akaonja, kisha akavuta sahani karibu.

"Bibi," akasema, "Idi pili tunataka binti atupashie uwanja joto kabla Staa hajapanda."

"Uwanja wa Mtwara, saa tisa alasiri, mnataka kuupasha joto?"

Akacheka. Jirani yangu naye alikuwepo. Huyu ni mama wa Kikristo kutoka Iringa, mumewe anafanya kazi bandarini, na Idi yetu anaisherehekea kutuzidi sisi tuliofunga. Akamuuliza Meneja, "Sasa akishaupasha joto, yeye anapata nini?"

Meneja akamgeukia mjukuu wangu. "Dada, ukifanya vizuri tunaondoka na wewe. Lindi, Masasi, mpaka Songea. Ukifika Songea umeshakuwa mtu mwingine."

"Mtu gani?" jirani akauliza.

"Mama, mwache mgeni ale," mjukuu wangu akasema. Lakini nilimwona. Alikuwa ameshaanza kuihesabu miji ile kwa vidole chini ya khanga.

Usiku ule alipanga begi. Aliazima begi lenye magurudumu kwa mwalimu wa mtaa wa pili, akaweka nguo zake zote nzuri, mafuta, mswaki mpya, chaja, na khanga yangu moja ya zamani ambayo hakuniomba. Akaliweka nyuma ya mlango. Kila aliyeingia ndani alijikwaa, kila aliyejikwaa akauliza, na kila aliyeuliza akajibiwa Songea. Kufikia siku ya mwezi kuandama, Rahaleo nzima ilikuwa inajua kwamba mtoto wangu anaondoka na Staa. Walibaki wawili ambao hawakuwa na uhakika, Staa na mimi.

Idi pili tukaenda uwanjani. Ninachotaka kieleweke hapa ni mavazi. Siku ya Idi mwanamke wa kwetu anavaa doti mpya ya khanga, moja kiunoni, moja mabegani, pacha, rangi moja, pindo moja, maneno mamoja. Ukipoteza moja, hiyo nyingine imekuwa mjane. Wanawake wote waliokaa kwenye mikeka mbele ya jukwaa walikuwa na doti mpya, isipokuwa jirani yangu, ambaye yake alikuwa ameishonesha gauni.

Mimi nilipewa kiti cha plastiki mbele kabisa, kwa cheo cha ubibi. Jukwaa lilikuwa la chuma, limefika kifuani pangu, na chuma hicho kilikuwa kimepigwa jua tangu asubuhi. Pembeni kulikuwa na zulia jeusi limeviringishwa. Nikamuuliza kijana wa nyaya kwa nini hawalitandiki.

"La Staa hilo, bibi. Litatandikwa akija."

Mshereheshaji akamtaja mjukuu wangu, akakosea jina la baba yake, na mtoto akapanda. Peku. Nikaona uso wake. Wengine walidhani anacheza, maana alikuwa anainua mguu huu, anashusha, anainua ule, haraka haraka, na vijana wa nyuma wakaanza kumshangilia kwa mtindo huo mpya. Mimi niliyemwogesha tangu mdogo nilijua anaungua.

Nikatoka kwenye kiti, nikavua khanga ya mabegani, nikasogea jukwaani. Baunsa mmoja akanizuia, mtu mkubwa, shingo hana.

"Bibi, rudi ukae."

"Nanyoosha mkono tu, baba."

"Hairuhusiwi kupanda."

"Mimi kwa magoti haya nipande wapi?"

Alipokuwa bado analifikiria hilo, nikairusha khanga, nikaitandaza vizuri mbele ya mjukuu wangu. Akaikanyaga. Uso ukalegea. Na sauti ikatoka.

Sasa, kwetu mwali akitolewa nje baada ya kuchezwa unyago, hakanyagi chini. Wanawake wanamtandikia khanga kutoka mlangoni, na akitandika mmoja, mwingine hawezi kukaa na yake mabegani akaonekana ana roho ya kutu. Mimi nilitandika kwa sababu ya chuma. Wenzangu nyuma hawakukiona chuma. Waliona bibi mtu kamtandikia mjukuu wake mbele za watu, siku ya Idi, khanga mpya. Mikeka yote ikainuka. Baunsa akazuia wa kwanza, akazuia wa pili, kisha akapigwa na khanga ya tatu usoni, akasimama pembeni mwenyewe.

Jirani yangu akanishika mkono. "Mimi yangu nimeishona gauni. Nitandike nini, nijitandike mwenyewe?"

"Vua kilemba."

Akavua kilemba, akakitandika, na kwa siku kadhaa zilizofuata alinihadithia mimi, niliyekuwa nimesimama naye, jinsi alivyokitandika.

Jukwaa likawa halionekani. Mjukuu wangu alikuwa na wimbo aliouimba kwenye harusi nyingi, wa mwanamke aliyemtuma mumewe chumvi. Mume anarudi na redio, mke anauliza chumvi iko wapi. Mume anarudi na baiskeli, chumvi iko wapi. Anarudi na bati, na mwavuli, na mama yake mzazi, chumvi iko wapi. Ni wimbo wa kitoto kabisa ukiuandika hivi. Lakini aliuimba akitembea kutoka khanga hii hadi ile, polepole, kama mtu anayekagua nyumba yake, na kila alipofika kwenye swali alinyamaza, akatuachia sisi. Uwanja mzima, wazee, wauza karanga, askari wa getini, wote wakauliza chumvi iko wapi. Kuna mwanamume mmoja karibu yangu aliuliza kwa uchungu sana, nikajua naye ana lake nyumbani.

Alipomaliza alishuka akikanyaga khanga mpaka ngazi ya mwisho. Vigelegele havikukatika. Meneja nilimwona pembeni, anapiga makofi. Alipiga makofi ya nguvu mwanzoni, kisha ya kawaida, kisha akasimama tu na viganja vimeshikana.

Mshereheshaji akaruka na kipaza sauti. "Hayo yalikuwa maandalizi. Sasa yanakuja mambo yenyewe."

Wakafungulia moshi. Ule moshi wao mweupe, unaotoka kwenye mashine. Vijana wawili wakabeba zulia jeusi, wakafika katikati, wakasimama. Khanga zilikuwa bado pale. Mmoja akainama akaanza kuzizoa.

Hapo ndipo tulipokosea sisi, au walipokosea wao, mpaka leo haijaamuliwa. Kwetu khanga uliyomtandikia mwali unaiokota mwenyewe, na unaiokota akishaingia ndani, siyo kabla. Haishikwi na mtu mwingine, sembuse mwanamume asiyejulikana kwao ni wapi. Mtoto alikuwa ameshashuka. Wakati wa kuokota ulikuwa umefika. Wanawake wakapanda.

Kwa hiyo Staa alipotokea ndani ya moshi, miwani nyeusi, viatu vyeupe vyenye soli kama tofali, mikono ameinyoosha juu kupokea watu wake, alikuta jukwaa limejaa akina mama walioinama. Kila mmoja anatafuta pacha ya aliyovaa kiunoni, kwenye moshi, na khanga za Idi ile nyingi zilitoka duka moja. Muziki ulikuwa umeanza. Kipaza sauti cha mjukuu wangu kilikuwa bado kwenye mlingoti wake, kimewashwa, na mazungumzo yote yakaenda mpaka mtaa wa Ligula.

"Shoga, hiyo yangu."

"Yako ina pindo la rangi ya kunde. Hii nyekundu."

"Tazama maneno yake basi, uyasome."

"Nisome na moshi huu?"

"Baba, samahani, sogeza mguu."

Huyo wa mwisho alikuwa jirani yangu, na baba aliyeambiwa asogeze mguu alikuwa Staa. Niseme la haki, aliusogeza. Akasogeza na wa pili. Hakuwa kijana mbaya. Baadaye kidogo alinipa shikamoo nzuri, ya mtu aliyelelewa. Lakini alikuwa amekanyaga kilemba, na wimbo wake ulikuwa unaendelea kwenye maspika na sauti yake ndani yake, wakati yeye mwenyewe yuko pembeni, kafunga mdomo, anasogeza miguu. Watu wakaona. Sidhani kama mjini kwake watu huwa wanapata nafasi ya kuona.

Zulia likatandikwa. Akaimba, au wimbo ukaimba naye akausindikiza. Vijana walicheza, siyo kwamba hawakucheza. Lakini ulipoisha wimbo wa kwanza, kimya kikiwa bado hakijajaa, mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Chumvi iko wapi?"

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Staa hakuwepo wakati wa wimbo ule, alikuwa ndani ya gari lenye kiyoyozi. Akadhani anaombwa kitu.

"Mtwara," akasema, "mnataka nini?"

"Chumvi," uwanja ukajibu.

Akamtazama mpiga kinanda. Mpiga kinanda akapandisha mabega. "Mtapata," Staa akasema, "leo mtapata kila kitu," na hilo lilifanya mambo yawe mabaya zaidi, maana kila baada ya wimbo walimkumbusha kwamba bado hawajapata. Jua halijazama, familia zenye watoto zikaanza kuondoka, zikiimba wimbo wa mwingine.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye gari lao, amevaa ndala, anasubiri. Hakuwa anacheka. Mimi peke yangu nadhani niliyeona kwamba kila uwanja ulipouliza chumvi, yeye alifumba macho. Meneja akaja. Alikuwa mpole sana.

"Dada, umefanya vizuri. Umefanya vizuri mno."

"Tunaondoka asubuhi?" akauliza.

"Tutakupigia."

Asubuhi magari yao yalipita barabara yetu kuelekea Lindi. Aliyasikia kabla yangu. Alikuwa amekaa kitandani, ameshavaa. Yalipopita, alisubiri kidogo, labda yangegeuza kwenye kona, kisha akaenda kufagia uwanja wa nyumba, kazi ambayo si zamu yake.

Begi lilibaki nyuma ya mlango. Alikataa lifunguliwe, akisema wakipiga itakuwa usumbufu kulipanga upya. Ila mtu lazima apige mswaki. Akatoa mswaki. Kesho yake akatoa chaja, maana simu isipokuwa na chaji watampigiaje. Kisha mafuta. Kisha gauni moja, kwa sababu kulikuwa na harusi Shangani. Likawa linapungua hivyo hivyo, kama kiroba cha unga, wala hakuna siku iliyosemwa kwamba leo limefunguliwa. Watu waliacha kujikwaa. Walikuwa wameshajifunza kulikwepa, na kuuliza wakaacha pia.

Simu ikaja tunamenya mihogo. Jina la Meneja lilitokea kwenye kioo, mjukuu wangu akafuta mikono haraka, akaweka sauti ya nje ili nisikie na mimi.

"Dada, habari za Mtwara? Bibi yupo?"

Akanitazama. Akanisogezea simu kama mtu anayesogeza sahani yake mwenyewe.

"Nipo, mwanangu."

"Shikamoo bibi. Bibi, nina shida kidogo. Zile khanga."

Nikaelewa polepole. Staa alizipenda. Lindi walikusanya akina mama, wakanunua khanga mpya, wakawapa wamtandikie akiingia. Akaingia, akakanyaga ya kwanza, akateleza mpaka kwenye ngoma. Walikuwa wanakwenda Songea na walitaka kujua sisi tunazifungaje zisiteleze.

"Hatuzifungi," nikasema. "Kwa miguu mitupu hazitelezi. Zinateleza kwa viatu. Mwambie avue."

Nilisikia anazungumza na mtu pembeni. "Hawezi kuvua, bibi. Vile viatu viko kwenye mkataba."

"Basi mwambie atembee polepole, na awe amezaliwa huko Songea, wanawake wawe wamemwogesha."

Akacheka, lakini kwa adabu. Nilipoona anataka kukata, nikamuuliza lile ambalo mtu mwingine ndani ya nyumba asingeweza kuuliza. "Na mjukuu wangu?"

Alivuta pumzi. "Bibi, nikwambie ukweli kama mama yangu. Angekuwa mzuri kidogo tu, siyo mno vile, tungeondoka naye siku ile ile."

Sauti ya nje ilikuwa bado imewashwa. Mjukuu wangu akaendelea kumenya muhogo wake mpaka mwisho, akaukata, akautia sufuriani. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akalikung'uta begi lote kitandani. Ndani ilikuwa imebaki khanga yangu ya zamani. Akanirudishia, akamrudishia mwalimu begi lake, na jioni akaja akaniuliza, "Bibi, mzuri kidogo unakuwaje?"

Nikamwambia mimi sijui, nimesoma darasa la nne tu.

Jina lake lilikwenda lenyewe bila begi. Wale waliokuwa uwanjani walipopata harusi walimtaka yeye, na walimtaka peku. Msimu huu wa korosho tuliitwa kijiji cha Ziwani, harusi kubwa, na kwenye bango lililobandikwa dukani picha ilikuwa yake. Chini pembeni kulikuwa na nyingine ndogo. Wenyeji walimwomba kwa heshima kwamba kuna binti wa hapo hapo kijijini, aimbe kidogo kwanza, awachangamshe watu.

"Bila shaka," mjukuu wangu akasema, kwa sauti ya mtu mwenye picha.

Yule binti akasimama na ndala zake za shule. Aliimba wimbo wa kunguru anayeiba sabuni kisimani. Baada ya mstari wa kwanza nilijua, na nilipogeuka nikaona mjukuu wangu naye amejua. Mdomo wake ulikuwa unatabasamu, macho hayakushirikishwa. Wanawake wakaanza kufungua khanga za mabegani. Ikaanguka ya kwanza, ikaanguka ya pili. Akanitazama.

"Bibi, na mimi?"

"Khanga ni yako."

Alikaa nayo mpaka ikawa aibu. Kisha akaivua, akaenda, akaitandika pembeni kabisa, tena ameikunja.

"Umeikunja," nikamwambia aliporudi.

"Ardhi ya hapa haina moto, bibi."

Akaitwa yeye. Yule binti akaingia ndani, na wanawake wakainuka kuokota, kama kawaida. Mjukuu wangu ilibidi naye ainame katikati yao kutafuta yake, watu wote wanamtazama, vumbi hadi magotini. Mtu mmoja akauliza chumvi iko wapi. Akaanzia pale pale, ameinama, kipaza sauti kiko mbali, khanga mkononi. Nakwambia aliimba vizuri kuliko siku ya uwanja, kwa sababu safari hii alikuwa anaogopa.

Tulipokuwa tunaaga, mama wa yule binti akaja na mwanawe. Akauliza kama harusi ijayo mtoto anaweza kufuatana na mjukuu wangu, hata kwa kumbebea maji tu.

"Amefanya vizuri mno," mjukuu wangu akasema. "Nitampigia."

Nikamtazama. Akatazama pembeni.

Namuuliza kila siku kama ameshampigia. Anasema simu haina chaji. Nimemwambia kwamba majina mengine yote nimeyaacha kama alivyoniomba, lakini la yule binti ninalo na la kijiji chake nimeshaliandika. Asipopigiwa mpaka Idi, nitaliandika na lenyewe, kwa herufi kubwa, juu kabisa ya la mwenye bango.